Si Ulevi Wala Si Jini: Ni Ini Lililoelemewa

Wazee wetu wa pwani walijua tangu zamani kwamba ini si kiungo cha kuchezewa. Mtu akiumizwa sana kwa maneno husema, "Fulani amenikata maini." Na mwenye kuficha uhasama moyoni twasema ana kinyongo, neno lililotokana na nyongo, ambayo ini ndilo liitengenezayo. Basi lugha yetu ililiunganisha ini na hisia za bin-Adamu kabla daktari yeyote hajatufundisha. La kusikitisha ni kwamba maneno hayo twayasema kila siku vibarazani, lakini akitokea mtu ambaye ini lake limemvuruga akili kweli kweli, hatumtambui. Twamwita mlevi. Twamwita mwendawazimu. Au twasema kapandwa na jini.

Nasema "sisi" kwa makusudi, maana mimi mwenyewe ni mmoja wa waliosema hivyo, na niliyemsema alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja.

Mjomba alikuwa fundi cherehani. Alitoka Mombasa akiwa kijana, akafanya kazi katikati ya jiji la Nairobi, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia, akishona kanzu na suruali za wanafunzi. Nyumbani kwake kulikuwa Kawangware, na kila jioni baada ya sala ya magharibi alipanda gari la namba 46 kurudi kwa mkewe. Katika maisha yake yote hakuonja tembo. Jambo hilo nilijua, na wote waliomjua walijua.

Katika mwaka 2018, wiki chache baada ya Idi ya kufungua, mambo yalianza kubadilika. Kwanza alikuwa halali usiku, akizunguka chumbani mpaka alfajiri, kisha mchana analala juu ya cherehani. Halafu mishono ikaanza kwenda upande. Mteja mmoja alirudisha kanzu yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Daftari lake la vipimo, ambalo hati yake ilikuwa nzuri kama ya mwalimu, likajaa maandishi yasiyosomeka. Aliposema, maneno yalimtoka polepole na kwa kuburuta. Na akikukaribia kukusalimu, pumzi yake ilikuwa na harufu ya ajabu, tamu na yenye uvundo kwa pamoja.

Msomaji mpenzi, mtu anayeyumba, anayeburuta maneno, anayesinzia mchana na kunuka mdomo, wewe ungemdhania nini? Mimi nilidhani alilodhani kila mtu. Nilimwambia jamaa mmoja kwa sauti ya chini, "Mjomba ameanza kunywa uzeeni." Neno likaenda. Likafika Kawangware, likafika Mombasa, na mimi nikaacha kupita dukani kwake kumwambia shikamoo.

Siku moja akapotea. Badala ya kupanda gari la Kawangware alipanda la Barabara ya Waiyaki, akateremka Kangemi kwenye baridi ya Julai bila koti. Akawa anauliza watu njia ya kwenda Makadara. Alimaanisha Makadara ya Mombasa, mtaa aliozaliwa; akili yake ilikuwa imerudi huko. Wasamaria wema wakampandisha gari la kwenda Makadara ya Nairobi, upande wa pili kabisa wa jiji! Tulimpata usiku wa manane, amekaa kando ya barabara, kofia mkononi.

Aliporudishwa nyumbani alimkasirikia mkewe, na katika kelele zile alitamka neno la talaka. Mkaza mjomba, mwanamke aliyeishi naye zaidi ya miaka thelathini, alianza kufunga mizigo yake huku analia. Hapo ndipo nilipoona kwamba ugonjwa huu haumli mtu peke yake. Humla na nyumba yake.

Tukafanya yale ambayo familia nyingi hufanya. Wengine walisema apelekwe Hospitali ya Mathari, ambayo tangu mwaka 1910 ndiyo inayopokea wagonjwa wa akili. Wengine wakasema apungwe. Zahanati moja ya mtaani ilimpa vidonge vya usingizi ili atulie usiku. Alimeza viwili, na kesho yake hakuamka mpaka adhuhuri, na alipoamka hakunitambua. Mwishoni tukamwita maalim mmoja mzee aje amsomee. Maalim alisoma, tena kwa utulivu, akamaliza, akamwangalia mgonjwa usoni kwa muda mrefu. Kisha akatugeukia na kusema, "Mimi nimesoma. Sasa nyinyi angalieni macho yake. Ni ya manjano kama bizari. Tumbo limejaa, miguu imevimba. Mpelekeni hospitali leo, msingoje kesho."

Hospitali, daktari kijana alimwambia, "Mzee, nyoosha mikono mbele, kunja viganja kwa juu kama unayesimamisha matatu." Mjomba akanyoosha. Viganja vikawa vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka, kama mbawa za ndege aliyechoka. Daktari akauliza swali ambalo sisi wote hatukulifikiria: "Lini alipata choo mara ya mwisho?" Mkaza mjomba akahesabu kwa vidole. Siku tano.

Mtikisiko ule wa viganja ulielezwa na madaktari wawili wa Marekani, Raymond Adams na Joseph Foley, mwaka 1949. Unaweza kutokea pia katika magonjwa mengine, kama ya figo au ya mapafu. Lakini ukiuona pamoja na macho ya manjano na tumbo la maji, ini ndilo la kwanza kushukiwa. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba ini la mjomba lilikuwa limejaa makovu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi. Chanzo kilikuwa virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huenda aliishi navyo tangu utotoni bila kujua. Tembo haikuhusika hata tone.

Sasa nieleze kidogo jinsi mambo haya yanavyokwenda, maana usilolijua ni kama usiku wa giza. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, nalo ndilo forodha ya mwili. Damu yote itokayo matumboni hupita hapo kwanza kabla ya kwenda kwingine. Chakula kinaposagwa na viini vilivyomo utumboni, hutoka sumu iitwayo amonia. Ini zima huikamata amonia hiyo na kuigeuza kuwa yurea, kisha figo huitoa kwa mkojo. Ini lenye makovu haliwezi kazi hiyo. Damu nayo, ikikuta njia imezibwa, hupitia vichochoro vya pembeni, ikaingia mwilini bila kukaguliwa, kama mzigo wa magendo. Amonia hufika kwenye ubongo, chembe za ubongo huvimba, na fahamu huanza kufifia.

Ugonjwa huu hupanda ngazi. Mwanzo ni mambo madogo: usingizi kugeuka, hasira zisizo sababu, kusahau, kushindwa hesabu nyepesi. Halafu mtu husinzia, hufanya mambo ya aibu asiyoyajua, hupotea njia. Kisha hulala kiasi cha kuamshwa kwa taabu, na akiamka hajui siku wala mahali. Mwisho ni kuzimia kabisa. Lakini rehema iliyopo ni kwamba mara nyingi mtu akiwahiwa hurudi ngazi zile zile alizopanda. Hilo ndilo linalomtofautisha na mzee aliyepoteza kumbukumbu kwa umri.

Na aghalabu kuna jambo lililomsukuma. Kufunga choo ni mojawapo. Mengine ni kutokwa damu tumboni, ambako huonekana kwa kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Maradhi ya viini, hasa katika maji yaliyojaa tumboni. Kuharisha na kutapika mpaka mwili ukauke. Dawa za kukojoza zikizidi. Na dawa za usingizi. Mjomba alikuwa na mawili: choo kilichofunga na vidonge vya zahanati. Sisi tulidhani twamtuliza, kumbe twamzamisha.

Tiba yake ilinishangaza kwa uwepesi wake. Alipewa sharubati nzito, tamu, iitwayo laktulosi. Ni aina ya sukari ambayo tumbo haliwezi kuifyonza. Hufika utumbo mpana ikiwa nzima, ikaibana amonia humo na kuitoa pamoja na choo. Ilianza kutumika kwa maradhi haya mwaka 1966. Si pombe wala haina ulevi, nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wakiitilia shaka kwa utamu wake. Kipimo chake si idadi ya vijiko bali ni choo: mgonjwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Pungufu ya hapo, sumu hurudi. Zaidi sana ya hapo, mwili hukauka na maradhi yale yale hurudi kwa mlango wa nyuma. Ugonjwa ukirudia-rudia daktari huongeza dawa ya kupunguza viini vya utumboni, iitwayo rifaksimini, lakini bei yake si ya kila mfuko.

Siku ya tatu mjomba alifumbua macho, akamtazama mkewe, akamwuliza kwa nini hajafunga duka. Tulilia wote.

Ile talaka je? Tulikwenda kwa Kadhi tukiwa na barua ya daktari, maana jambo kama lile si la kuamuliwa barazani na jamaa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mtu yule alikuwa na akili timamu aliposema. Aliposikia habari yote, hakulihesabu neno lile. Mkaza mjomba akafungua mizigo. Najiuliza ni nyumba ngapi zilizovunjika kwa neno lililosemwa na amonia, na hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Sasa nitoe rai yangu, na nitaisema wazi bila kuizungusha.

Kwanza, tuache kuamini kwamba kila mwenye ini bovu ni mlevi. Pombe huharibu ini, hilo halina ubishi. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B na C haviulizi dini ya mtu. Sumu ya kuvu iliyomo katika mahindi yaliyowekwa na unyevunyevu nayo haiulizi. Mwaka 2004 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi ya namna hiyo, ini likiwa limeharibika. Unene uliopita kiasi na kisukari, maradhi ambayo pilau na soda zimetuletea majumbani, hujaza ini mafuta na baadaye makovu. Hata miraa: madaktari wa Uingereza wameandika habari za watu waliopata maradhi ya ini kwa kuitafuna. Vijana wetu wanaotafuna usiku kucha wakijisifu kwamba wao hawanywi, na wasikie.

Pili, watu wazima tupimwe homa ya ini. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya aina ya B mwaka 2001. Maana yake ni kwamba wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukupata chanjo hiyo. Kipimo ni tone la damu. Aliye salama huchanjwa. Aliye nayo huangaliwa na daktari na, ikibidi, hupewa dawa za kukituliza kirusi. Laiti mjomba angepimwa akiwa na miaka arobaini, pengine tusingefika Kangemi.

Tatu, chakula. Jirani mmoja alituambia mgonjwa wa ini asile nyama, samaki wala maharagwe. Zamani hata madaktari walisema hivyo. Leo wamegeuza kauli: mgonjwa akinyimwa vyakula vya kujenga mwili hukonda, na misuli yake ikiisha hukosa msaidizi, kwani misuli nayo hupunguza amonia katika damu. Basi alishwe, tena kidogo kidogo mara nyingi, na asilale na njaa. Mbaazi, kunde, pojo na maziwa humfaa sana, maana nafaka za jamii ya kunde husaidia na choo. Mkaza mjomba alikuwa akimwekea kibakuli cha mbaazi za nazi kidogo kabla ya kulala, chumvi ikiwa haba kwa sababu ya maji ya tumbo. Ilikuwa sehemu ya dawa.

Nne, na hili ni zito kwetu: saumu. Mjomba alifunga Ramadhani nzima ya mwaka ule huku miguu imevimba, kwa kuona haya ya kuonekana anakula mchana. Kwa ini lenye makovu, kukaa bila chakula wala maji tangu alfajiri mpaka magharibi ni hatari. Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Ruhusa ya Mwenyezi Mungu si ya kuonewa haya. Mwenye ugonjwa huu amwulize daktari wake na mwanachuoni wake kabla mwezi haujaandama. Na sisi majirani tuwe na adabu. Tukimwona mtu anakunywa maji mchana tusimhukumu.

Tano, dawa. Mgonjwa wa namna hii asipewe dawa ya usingizi ovyo, wala zile za kutuliza maumivu za dukani bila ya kuulizwa daktari. Mitishamba nayo tuihofie. Simkatazi mtu dua. Dua iendelee asubuhi na jioni. Lakini maalim wetu alisoma kisha akatutuma hospitali, na huo ndio uganga ninaouheshimu.

Sita, familia iwe macho. Mgonjwa mwenyewe hajijui kwamba anapotea. Wa kumwona ni aliye karibu naye. Mkaza mjomba alikuwa na daftari. Kila asubuhi aliandika choo mara ngapi, usingizi wa saa ngapi, na alimpa mumewe kalamu aandike jina lake na tarehe. Hati ikiharibika, simu hupigwa. Siku nyingine alimwambia amtajie wanyama kwa dakika moja, njia ambayo madaktari wa Italia waliieleza mwaka 2017. Mtu asiyefikisha kumi hutiliwa shaka. Mjomba akawa anawataja mpaka ngisi na pweza, akisema, "Hao nao si wanyama?" Mtu kama huyu asiendeshe gari, asiachiwe jiko peke yake, na dawa zake zishikwe na mwingine. Akizidi kusinzia, akitapika damu, au akipata homa, ni hospitali saa ile ile. Tena hospitali watazame na mengine yanayofanana na haya: malaria, sukari kushuka, kiharusi, au damu kuvilia kichwani baada ya kuanguka. Si kila kuchanganyikiwa kwa mwenye ini bovu hutoka kwenye ini.

Mjomba aliishi miaka mitatu zaidi. Alirudi hospitali mara mbili, na mara zote mbili daftari ndilo lililomwokoa, maana alipelekwa akiwa bado anasinzia tu. Alishona tena, si kwa wingi kama zamani. Kanzu yangu ya mwisho niliyovaa Idi ni kazi ya mikono yake, na mikono yote miwili ni sawasawa.

Siku moja nilipokuwa nimekaa naye nyumbani Kawangware, nilimwomba radhi. Nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyesema kwanza kuwa amelewa. Alinyamaza, akavuta uzi, akakata kwa meno. Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini niambie: kama kweli ningekuwa nimelewa, mngeniacha barabarani?"

Sikuwa na jibu. Katika wodi aliyolala, kitanda cha pili alikuwamo kijana mmoja wa Kangemi ambaye ini lake liliharibiwa na chang'aa. Mikono yake ilitikisika vile vile. Dawa yake ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa moja: mjomba, baada ya jina lake kusafishwa, alijaa wageni, na yule hakuwa na hata mmoja. Mjomba ndiye aliyekuwa akimgawia chakula chake.

Mjomba alifariki mwaka 2021, huko Mombasa, mtaani kwao Makadara. Alipotambua kwamba safari imekaribia, alituita, akataja madeni yake moja baada ya jingine, akamwambia mkewe neno la kheri, na alikuwa na akili timamu. Kwa Mwislamu hiyo si neema ndogo. Kuna wengine, hapa Nairobi na kwetu pwani, wanaokwenda bila neema hiyo kwa sababu waliokuwa karibu nao walitazama mguu unaoyumba wakasema mlevi, wakasikia maneno yaliyopotoka wakasema jini, wala hawakutazama rangi ya macho.

Ukimwona mtu wa namna hiyo leo, ndugu msomaji, mwambie anyooshe mikono.